Gia Nne za Kurudi Nyuma

Talaka ya shangazi yangu iligawa kila kitu isipokuwa ua. Nyumba ikawa yake, gereji iliyo nyuma ya nyumba ikawa ya aliyekuwa mume wake, fundi wa magari, na ule ua wa katikati, wenye bomba moja la maji na kamba moja ya kuanikia nguo, ukaachwa kwa hekima ya wahusika. Hekima yenyewe sijawahi kuiona. Nilichokiona tangu nihamie chumba cha uani, ili niwe karibu na duka la miwani ninakouza, ni watu wazima wawili wanaochota maji kwenye bomba moja kila asubuhi bila salamu, mmoja anaangalia mawingu, mwingine anaangalia ndoo.

Waliyokuwa nayo ya kuambiana waliniambia mimi.

"Mwambie shangazi yako shuka zake zinachuruzikia injini ya mtu," Fundi anasema, na shangazi yupo palepale, vibanio mkononi.

"Mwambie Fundi injini ya mtu haikai chini ya kamba ya nguo."

Basi mimi huku, mimi kule, nageuza shingo kama feni ya mezani. Zamani nilimwita Anko. Baada ya talaka, kikao cha ukoo chini ya uenyekiti wa baba yangu kiliamua kwamba kuanzia siku hiyo nimwite Fundi, kana kwamba ukibadilisha jina la mtu, miaka aliyokubeba mabegani inafutika. Nikamwita Fundi. Majirani walimwita Taratibu, kwa sababu ukimpelekea gari ukamuuliza litakuwa tayari lini, alikujibu, "Taratibu," kama vile hiyo ni siku mojawapo ya juma.

Shangazi naye hakuwa na upungufu wa majina. Alikuwa mwalimu wa udereva, na kwa kuwa gari la shule ya udereva lina breki ya pili upande wa mwalimu, na kwa kuwa yeye hakuwa bahili nayo, mji mzima ulimwita Bi Breki. Nusu ya madereva wa hapa wamepita mikononi mwake. Ukiwaona wanavyoendesha utaelewa kwamba mwalimu anaweza kufundisha lakini hawezi kufanya miujiza. Mwanamke mwembamba, mkavu, mwenye sauti ambayo haijawahi kupanda wala kushuka. Mwanafunzi akielekea kwenye mtaro, yeye husema, "Mtaro ule," kama anayekuonyesha duka la viatu, kisha hukanyaga.

Sababu za talaka yao zilikuwa nyingi na zote za kawaida, lakini iliyobaki kusimuliwa ni moja. Siku moja, mbele ya wanafunzi wake, mumewe alimwambia kwamba anakalia klachi. Kwa msiojua, kukalia klachi ni kuendesha huku mguu wa kushoto umepumzishwa juu ya mkanyagio wa klachi mpaka sahani yake ya ndani inasagika na kuungua bure. Ni dhambi ya kwanza ambayo mwalimu wa udereva anamkataza mtu. Kumwambia Bi Breki kwamba anakalia klachi ni sawa na kumwambia mpishi, mbele ya wageni, kwamba hanawi mikono. Yeye akakana. Fundi akasema kaisikia harufu. Harufu hiyo ndiyo iliyowafikisha kwa hakimu.

Sasa lipo gari. Si lile la shule, ni lile la babu. Babu alikuwa fundi wa kushona suti, mtu mpole mwenye tamaa moja tu maishani, na tamaa hiyo aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama kwa haraka: gari dogo la spoti, jekundu enzi zake, chini kiasi kwamba ukilikalia unaona magoti ya wapita njia. Viti viwili, basi. Injini iko nyuma ya viti, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma, na pale ambapo magari ya watu wenye akili timamu yana injini, lile lina buti ya kutosha sufuria moja bila mfuniko.

Babu alijaribu kumfundisha mwanawe wa kiume kuendesha. Somo hilo lilikwisha kwenye kona ya kwanza, na baba yangu alirudi nyumbani kwa miguu, kanuna, na hajashika usukani mpaka leo. Babu akamwita binti yake. Binti akakaa, akaondoa gari bila kulishtua, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumtoa kwenye kile kiti. Alipokaribia kufa, babu alisema gari ni la watoto wake wote wawili. Hivyo ndivyo husema mtu anayejua kwamba ugomvi utaanza yeye hayupo.

Ugomvi ulisubiri giaboksi ife. Ilianza gia ya pili, ikafuata ya tatu, na mwisho ule mkono wa gia ukawa unazunguka tu mkononi mwa shangazi kama mwiko ndani ya chungu kitupu. Vipuri vya gari lile havipo. Waliovitengeneza nao nadhani hawapo. Likafunikwa turubai, likakaa uani, kuku wa jirani wakalipenda.

Ndipo baba yangu alipokuja na mwenye hoteli.

Baba ni mstaafu wa ofisi ya maji. Majirani humwita Mwenyekiti, kwa sababu palipo na viti viwili yeye huitisha kikao. Mwenye hoteli alikuwa mtu mnene mwenye adabu nzuri, na alieleza mpango wake kwa unyenyekevu kabisa: atalinunua gari, atang'oa viti, atajaza udongo, atapanda maua, ataliweka mlangoni pa hoteli ili wageni wapige picha.

"Udongo," shangazi akasema.

"Na mbolea kidogo," mwenye hoteli akasema.

"Mdogo wangu," Baba akaingilia, "gari lisilotembea si gari. Ni kabati."

"Litatembea, kaka."

"Lini?"

Jibu pekee alilokuwa nalo shangazi lilikuwa la Fundi, yaani taratibu. Baba akapata alichokuwa anakitafuta: kikao. Akatoa azimio kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi, mwenye hoteli atakuja nyumbani kwake, kule juu kilimani. Gari likipanda mlima mpaka mlangoni kwa nguvu zake lenyewe, bila kamba na bila kusukumwa, Baba atamwachia dada yake sehemu yake yote. Lisipopanda, maua. Na jaji wa jambo hilo la gari kupanda mlima akawa ndiye mtu pekee katika ukoo wetu asiyejua kuendesha hata toroli.

Walipoondoka, shangazi aliinua pembe ya turubai akaingia, akakaa kwenye kiti cha dereva, mikono kwenye usukani. Nilidhani analia, nikasogea.

"Silii," akasema kabla sijauliza. "Nakaa tu. Unajua, mwanangu, mimi nilikuwa mtoto wa kusahauliwa. Watu walimtaja kaka yangu kwa jina, kisha wakasema, na yule mwingine. Hapa ndipo nilipokaa siku moja nikajua kuna kitu naweza. Wakipanda maua hapa, watakuwa wamenifukia mimi."

Kisha akashuka, akafuta vumbi kwenye gauni, akasema: "Kamwambie Fundi nina kazi."

Nikavuka ua, hatua chache tu, nikamkuta Fundi amesimama mlangoni pa gereji, kasikia kila kitu kuanzia kikao mpaka gauni.

"Shangazi anasema ana kazi."

"Mwambie shangazi yako nimesikia," akasema, na akaenda kunawa mikono, jambo ambalo kwa desturi yake hufanya mwisho wa kazi, si mwanzo.

Nikiri kwamba mtu huyu, pamoja na taratibu zake zote, kwa gari lile alikimbia. Alizunguka vyuma chakavu vya mji mzima, akarudi na giaboksi ya gari la mizigo, lile la zamani lenye umbo la mkate ambalo injini yake iko mkiani kabisa. Ilikuwa na kutu nje, lakini ndani meno yote yalikuwa mazima. Akaiweka juu ya meza yake ya kazi kama mtu aliyeleta bibi harusi. Shangazi alitoka jikoni kuitazama, akaizunguka mara moja.

"Mwambie Fundi hii ni ya gari la kubebea vitunguu."

"Mwambie shangazi yako hata vitunguu vinataka gia."

Wiki ile nilifanya kazi mbili: mchana miwani, jioni ukalimani. Mwambie shangazi yako ashike hapa. Mwambie Fundi nimeshika. Mwambie shangazi yako asishike kwa kucha. Nilijaribu mara kadhaa kupunguza makali njiani, nikasema "tafadhali" pale ambapo haikuwepo, na kila mara yule aliyetuma ujumbe akanisahihisha kwa sauti: "Sikusema tafadhali." Walikuwa wanasikilizana kuliko watu wengi wanaoongea.

Giaboksi ya zamani ilipotolewa, klachi nayo ikatoka. Fundi akaishika ile sahani yake, akaipeleka mwangani, akaigeuza, akaipangusa na kitambaa, akaigeuza tena. Alikaa nayo muda mrefu. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya tairi nakula karanga, shangazi yuko kwenye kamba anaanua nguo.

"Binti," akasema, bila kunitazama. "Mwambie shangazi yako sahani ya klachi ni nzima."

"Sahani ya klachi ni nzima," nikarusha.

Mikono ya shangazi ikasimama kwenye shuka.

"Mwambie haijaungua popote," Fundi akaendelea. "Mwambie ni miaka yote hiyo, na bado ina nyama kama mpya. Mwambie aliyeendesha gari hili hakuwahi kukalia klachi hata siku moja."

Nilifungua mdomo kupeleka, lakini mizigo mingine hata punda anajua haibebeki. Shangazi alikuwa ameshasikia. Aliikunja shuka, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo kama leso, akaingia ndani. Chakula cha usiku huo alinipa sahani mbili, akaniambia moja nipeleke gereji, na nisiseme imetoka kwa nani. Kama vile kulikuwa na mwingine aliyepika uani pale.

Ungedhani baada ya hapo wangeongea. Hata mimi nilidhani, nikaanza kupanga jioni zangu. Wapi! Aibu nayo ina uzito wake; walizidi kukwepana, na hiyo ndiyo iliyotuponza.

Maana kuna jambo moja kuhusu giaboksi ile. Katika gari la mizigo, injini iko nyuma ya magurudumu ya nyuma. Katika gari la babu, injini iko mbele yake. Kwa hiyo giaboksi ikihamishwa kutoka lile kwenda hili, inageuka, inatazama upande mwingine, na kila kitu kinachozungushwa nayo kinazunguka kinyume. Dawa yake ni kuifungua, kulitoa lile gurudumu kubwa la meno lililomo ndani, na kulihamishia upande wa pili. Usipolihamisha, utakuwa na gari lenye gia nne za kurudi nyuma na moja tu ya kwenda mbele.

Shangazi alilijua hilo. Huwezi kuwa mke wa fundi miaka yote ile, ukimpokeza spana, usijue. Na alimjua Fundi: mtu aliyesahau harusi ya mdogo wake akaenda siku ya pili na zawadi. Alhamisi, Fundi akiwa ametoka kutafuta sili, zile pete za kuzuia oili isivuje, shangazi aliniita gerejini. Giaboksi ilikuwa mezani, imefunguliwa, imefunikwa gazeti, na kwa macho tu huwezi kujua gurudumu lile lilianzia upande gani.

"Nimulikie."

"Shangazi, si umuulize kwanza kama ameligeuza?"

"Nimuulize nani?"

"Basi nimuulize mimi."

"Umuulize ili ajue kwamba namkagua? Baada ya maneno yale ya juzi?" Alikuwa ameshapandisha mikono ya gauni. "Nikimwambia amesahau, nitamvunjia heshima. Nikinyamaza, litaharibika. Unamulika au humuliki?"

Nikamulika. Alifanya kazi safi, mikono yake haikusita hata mara moja. Akalitoa gurudumu, akaligeuza upande, akalifunga, akarudisha gazeti lilivyokuwa, na akaniapisha kufunga mdomo. Nikaona moyoni, kumbe mapenzi yana njia nyingi, na nyingine zina grisi.

Jumamosi mchana gari likashushwa chini, zima. Injini ikawaka kwa mara ya kwanza tangu kuku walipohamia. Fundi akapangusa usukani, akarudi nyuma, akaniambia nimwambie shangazi yangu kwamba liko tayari. Shangazi akakaa. Geti lilikuwa wazi mbele yake, barabara inaonekana. Akakanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza, ikaingia laini kama kisu kwenye siagi, akaachia klachi kwa ule utaratibu wake wa miaka yote.

Gari likarudi nyuma, likaliingia pipa la oili chafu.

Oili ikaanza kutafuta njia kuelekea chini ya kamba ya nguo. Shangazi akatazama mkono wa gia. Akaingiza ya pili, polepole. Gari likarudi nyuma. Akaingiza rivasi, na gari likasogea mbele, kwa adabu, kama lilivyotakiwa.

Akazima. Akashuka. Wakatazamana. Kwa mara ya kwanza tangu kwa hakimu, nadhani, wakatazamana machoni.

"Uliligeuza?" shangazi akamuuliza. Si mimi. Yeye.

"Nililigeuza Jumatano," Fundi akasema.

Shangazi akafumba macho. "Na mimi Alhamisi."

Penye wazee haliharibiki neno, wanasema waliotutangulia. Waliosema hivyo hawakuwahi kukaa uani kwetu. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na nilipofungua macho niliona kwamba wenzangu hawacheki. Fundi alikuwa amekaa juu ya jeki. Kuitoa ile giaboksi, kuifungua na kuirudisha kulitaka siku mbili kamili hata kwa mtu asiyeitwa Taratibu, na mwenye hoteli alikuwa anakuja kesho. Shangazi alisimama na mkono juu ya paa la gari, uso umemshuka. Sijawahi kumwona vile. Mwanamke ambaye amepelekwa mitaroni na vijana wa kila namna bila kupepesa, sasa alikuwa anafuta paa lile kwa kiganja, vumbi lisilokuwepo.

"Mwambie shangazi yako," Fundi akaanza, kisha akajiona mjinga, akaacha. Akaongea na bawaba ya mlango. "Inayokwenda mbele ni hiyo rivasi. Itatembea kwenye tambarare. Mlima ule hapana. Meno yake ni membamba, ni ya kuegeshea gari, si ya kupandia. Itavunjika kabla ya kona."

"Na ya kwanza?"

"Ya kwanza ina nguvu za kuvuta nyumba. Ila ndiyo hivyo, inavuta kwenda nyuma."

Shangazi akageuza shingo, akalitazama gari upande wa nyuma. Kisha rangi ikaanza kumrudi.

Lazima niwaeleze kitu kuhusu shule ya udereva ya shangazi yangu. Walimu wengine humfundisha mtu kwenda mbele kwanza, wakiamini kwamba huko ndiko watu wengi wanakotaka kwenda. Yeye siku ya kwanza humrudisha mwanafunzi nyuma uwanja mzima, kutwa nzima, shingo imegeuka mpaka inauma. Wanafunzi hulalamika, wazazi huja kuuliza. Yeye husema kwenda mbele hata mteremko unajua.

"Mlima ule," akasema, "nitaupanda kinyumenyume."

"Nyuma huoni kitu," Fundi akasema. "Kuna injini. Kile kidirisha ni cha kupitishia barua. Lazima mtu akae pembeni, atoe kichwa nje, akuelekeze."

Wote wawili wakanitazama. Nikasimama, nikajipangusa, tayari kutumikia ukoo.

"Huyu?" shangazi akasema. "Huyu hajui kushoto kwake."

Ni kweli, sina ugomvi na hilo. Nilichokuwa nataka kuona ni hesabu inayofuata, na nikaona wanaipiga kimoyomoyo. Gari lina viti viwili. Dereva mmoja, mwelekezaji mmoja. Mkalimani hana pa kukaa.

Jumapili waliondoka nyumbani kwa rivasi, polepole, hadi chini ya mlima. Pale shangazi akaligeuza gari, matako yakaelekea juu. Mimi nilifuata kwa miguu. Niliwafuata nyuma, lakini kwa kuwa gari lilikuwa linakwenda kinyumenyume, pua yake ilinitazama mimi njia nzima, na kupitia kioo cha mbele niliwaona wote wawili kama kwenye televisheni iliyokatwa sauti. Fundi kiwiliwili nje ya dirisha, anatazama nyuma. Shangazi shingo imegeuka, mkono mmoja kwenye usukani. Na midomo yao, Mungu ni shahidi, ilikuwa inatembea.

Siwezi kusema tulipanda kwa heshima. Barabara ile hupita kila mtu, na kila mtu alikuwa mwanafunzi wa Bi Breki. Dereva wa lori akasimama kando akavua kofia. Mwingine akachungulia dirishani: "Mwalimu! Mbele ni kule!" Kijana mmoja ambaye alifeli mtihani wake mara tatu, kwa sababu ya kurudi nyuma, alisimama njiani mikono kiunoni akitikisa kichwa kwa masikitiko, na hiyo nadhani ndiyo ilikuwa siku nzuri kuliko zote maishani mwake. Shangazi hakumtazama yeyote. Gari lilikuwa linanguruma, linapanda, gia ya kwanza inavuta kweli kama ilivyoahidiwa kwa wenye vitunguu.

Juu, Baba na mwenye hoteli walikuwa wamekaa kwenye viti mlangoni. Niliwaona wanasimama.

Na hapo, kabla ya kona ya mwisho, kule kwenye mwinuko ambao hata wenye baiskeli hushuka wakazikokota, gari likatikisika na kuzima.

Breki ya mkono ikavutwa, niliisikia. Likabaki limening'inia pale, pua chini, nyuma juu. Nilisimama. Niliuona ule udongo, na mbolea kidogo, na wageni wakipiga picha. Baba kule juu alikuwa amekunja mikono kifuani kama mtu ambaye kikao kimempendelea. Nilitaka kukimbia nikasukume, nikakumbuka masharti, nikabaki nimeshika kichwa.

Ndani ya gari hawakuwa wanahangaika na gari. Fundi alikuwa ameingiza kiwiliwili ndani, amemgeukia shangazi, mikono hewani. Shangazi alikuwa amemgeukia yeye, kidole kimenyooka. Alisema, akasema, akasema tena. Sauti ambayo haijawahi kupanda ilipita kioo ikanifikia, ingawa maneno sikuyashika. Fundi akajibu. Shangazi akapiga usukani kwa kiganja. Fundi akafunika uso. Ilikwenda hivyo kwa muda ambao mtu angeweza kuchemsha chai na kuinywa. Dereva wa lori, aliyekuwa ametufuata juu, akaniuliza kama aite polisi.

Kisha shangazi akajipangusa uso kwa mkono wa gauni, akawasha. Injini ikashika. Akaachia breki ya mkono na klachi kwa pamoja, na gari halikurudi chini hata upana wa kidole. Likapanda. Likaikata kona kinyumenyume, Fundi kichwa nje anaonyesha kwa mkono, likanyooka, likaingia uani kwa Baba, likasimama mbele ya viti viwili.

Nilifika nahema. Baba alikuwa ameshaanza kutoa hukumu.

"Azimio lilisema lipande," alikuwa anasema. "Hili limeshuka kuelekea juu. Pua yake inatazama chini! Mimi hilo siliiti kupanda."

Mwenye hoteli alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Mzee wangu," akasema, "mimi nilitaka kitu kilichotulia. Hili hata nikilijaza udongo litatoroka." Akampa Baba mkono, akamwinamia shangazi kwa heshima zote, akaenda zake kutafuta pa kupandia maua.

Baba akabaki hana mnunuzi wala kikao. Alilizunguka gari, polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekagua mita ya maji. Alipofika kwenye mlango wa dereva akaweka mkono juu ya paa. Alikaa hivyo.

"Baba angecheka," akasema. "Angecheka mpaka akae chini."

Shangazi ndani ya gari akaitikia kwa kichwa.

"Haya. Asiyekubali kushindwa si mshindani," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeutunga msemo huo yeye mwenyewe asubuhi ile, na akaingia ndani kutafuta kalamu.

Shangazi akashuka. Akanishika bega. Jasho na machozi vimechanganyika, kilemba kimehama upande.

"Shangazi, mlinitoa roho. Mlisimama pale kwa nini?"

Alinitazama. Sikumbuki kumwona na furaha kama ile, hata kwenye picha za harusi yake.

"Tulikuwa tunagombana," akasema.

"Muda wote ule?"

"Muda wote. Sisi wawili, mwanangu. Nimemwambia yote, tangu mwanzo. Naye akaniambia yake." Akacheka, akafuta pua. "Hata hatujamaliza."

Ndani ya gari, Fundi alikuwa ameinamia mkono wa gia, anausikilizia. Akainua kichwa, akamwita kwa jina lake, lile ambalo uani kwetu halijatamkwa tangu talaka, aje aone kitu.

Shangazi akaniachia bega, akaenda.